Mahame Yetu na Ramani za Kale



Wapendwa wasomaji, juma hili tunaomba ruhusa ya kuiacha kidogo njia tuliyoizoea, tutafakari pamoja jambo la historia. Vijana wetu wa Kusini, wakiutazama msitu ulio magharibi ya Liwale, au vichaka vilivyo kati ya kijiji na kijiji huko Nachingwea, husema: "Hapo ni pori tu, tangu kuumbwa kwa ulimwengu hapajakaa mtu." Usemi huo tumeusikia mara nyingi mno, hata vinywani mwa watu wenye elimu. Nasi twasema kwamba, kwa sehemu kubwa, si wa kweli. Mahali pengi panapoitwa pori ni mahame, yaani makao ambayo watu wameyahama. Tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Pori halina wenyewe. Mahame yana watu waliozaliwa pale, yana makaburi, na yana sababu iliyowaondoa wenyeji.

Njia mojawapo ya kuyatambua mahame ni kusoma ramani za kale za topografia, karatasi baada ya karatasi, kwa kufuata miaka yake. Katika makala hii tutaeleza ramani hizo ni zipi, zinatuambia nini juu ya nchi ya Kusini, zinanyamaza wapi, na jinsi kigango au kijiji kinavyoweza kuzitumia wazee wetu wangali hai.

RAMANI NI USHUHUDA

Ramani ya topografia huonyesha sura ya nchi: vilima na mabonde, mito na visima, njia, mashamba na nyumba, kila kimoja mahali pake kwa kipimo. Kipimo hicho huitwa skeli. Katika ramani ya skeli ya 1:300,000, sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita tatu ardhini. Kijiji kizima huwa duara dogo lenye jina. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita moja ni nusu kilomita. Hapo hata nyumba moja yaweza kuonekana kama nukta.

Wengi wetu hudhani kwamba ramani husema kweli yote kwa kuwa imechapwa na serikali. La hasha. Ramani ni ushuhuda, na kila ushuhuda una maswali yake. Shahidi ni nani? Aliona lini? Alitumwa na nani, kwa kusudi gani? Alipita wapi, na wapi hakufika? Anayesoma ramani bila kuuliza maswali hayo atadanganyika, wala kosa halitakuwa la ramani.

KARATASI ZA WAJERUMANI

Ramani kubwa ya kwanza ya nchi yetu yote kwa skeli ya 1:300,000 ilichorwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Kazi hiyo iliongozwa kwanza na Richard Kiepert, kisha ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na ikachapwa mjini Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer. Ilikuwa na karatasi kuu 29, zilizotolewa moja moja tangu miaka ya 1890 hadi miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizi baadhi ya maktaba za ng'ambo zimeziweka katika mtandao wa intaneti, na mtu yeyote aweza kuzitazama.

Je, zilichorwaje? Wachoraji wa Berlin hawakuiona nchi. Walitegemea madaftari ya safari ya maofisa wa jeshi, wataalamu na wamisionari. Msafiri alitembea na dira na saa. Aliandika kila baada ya mwendo fulani njia imeelekea wapi, mto gani umevukwa, kijiji gani kimepitwa, kilima gani kinaonekana upande wa kuume au wa kushoto. Madaftari hayo yakaunganishwa Berlin, yakawa ramani. Kwa sababu hiyo, katika karatasi nyingi vijiji vimepangwa mfululizo kando ya njia kama shanga katika uzi, na kati ya njia na njia pamebaki peupe. Weupe huo hauna maana kwamba hapakuwa na watu. Maana yake ni kwamba mwenye daftari hakupita pale. Watu waliokimbia kodi na misafara walikuwa na kila sababu ya kujenga mbali na njia, wasionekane na wapitao.

Jambo la pili ni majina. Katika nchi ya Wangindo, Wamwera na Wayao, mahali pengi pali(tw)aliitwa kwa jina la mkuu wake: kwa fulani. Mkuu akifa, jina laweza kubadilika. Ardhi ikichoka, watu hufungua msitu mahali pengine, na jina huwafuata. Hivyo basi jina moja laweza kuonekana katika karatasi mbili mahali pawili tofauti, na msomaji akadhani ramani mojawapo imekosea, kumbe ni watu waliohama na jina lao. Ramani iliandika majina ya watu ikidhani inaandika majina ya mahali.

Aidha, tahajia ni ya Kijerumani. Sauti yetu ya "sh" imeandikwa "sch", "ch" imeandikwa "tsch", "j" huandikwa "dj" au "dsch", na "y" huandikwa "j". Ndiyo maana Ujiji iliandikwa Udjidji na Kilimanjaro ikaandikwa Kilimandscharo. Shauri letu ni hili: jina lisomwe kwa sauti mbele ya mzee, polepole, mara mbili au tatu. Jicho likishindwa kulitambua, huenda sikio likalitambua.

MWAKA 1905 NA NJAA ILIYOFUATA

Sasa tuiangalie nchi yenyewe. Hata kabla ya Wajerumani, sehemu za Liwale zilikuwa zimekwisha kuumizwa. Njia ya misafara kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ilipita Kusini, na pamoja na pembe za ndovu ilibeba watumwa. Wangoni nao walishambulia kutoka upande wa Songea. Hata hivyo watu walikuwapo. Walilima, waliwinda, wakagema mpira wa msituni na kuuza pwani.

Mnamo Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Mwezi Agosti boma la Liwale likaanguka. Tarehe 14 ya mwezi huo, Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto aliuawa pamoja na wenzake wanne huko Mikukuyumbu, wakiwa safarini kutoka pwani kwenda Peramiho. Misioni ya Nyangao ikachomwa. Mambo hayo tumezoea kuyakumbuka katika Kanisa, na ni haki kuyakumbuka.

Lakini yaliyofuata hatuyakumbuki vya kutosha. Jeshi la serikali ya kikoloni lilichoma vijiji, likateketeza mazao shambani na akiba ghalani, hata njaa ikawa silaha. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Kusini, alikadiria kati ya watu 250,000 na 300,000. Hao ni wengi kupita wote waliouawa kwa risasi.

Hapa ndipo mwaka ulioandikwa katika karatasi huwa na uzito. Karatasi iliyochorwa kwa madaftari ya kabla ya 1905 na ile iliyosahihishwa baadaye si ushuhuda mmoja, hata kama zina rangi na herufi zilezile. Msomaji atafute vijiji vilivyoandikwa katika ile ya kwanza na kutoweka katika ya pili. Wala asikimbilie kusema wote walikufa. Wengine walikimbilia pwani, wengine Ulanga, wengine Nachingwea. Wangindo wametawanyika hivi leo katika wilaya nyingi, na kutawanyika huko kuna chanzo.

Mwanazuoni Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na uchumi katika historia ya Afrika Mashariki, alieleza jinsi jambo hilo lilivyoendelea. Watu wakipungua, mashamba hurudia kuwa vichaka. Vichaka vikienea, wanyama hurudi, na pamoja nao mbung'o. Mbung'o wakija, huja malale. Waliobaki wachache hawawezi tena kufyeka na kulinda mipaka ya mashamba yao, na tembo hula walichopanda. Kwa maneno mengine, pori lenyewe lina historia. Katika sehemu nyingi lilikuja baada ya watu, halikuwatangulia.

PORI LA SELOUS

Mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, Wajerumani walitenga hifadhi za kwanza za wanyama, mojawapo ikiwa katika bonde la Rufiji. Baada ya vita, Waingereza walianzisha mwaka 1922 pori la akiba wakaliita Selous, kwa jina la mwindaji na askari Frederick Courteney Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Pori hilo lilipanuliwa hatua kwa hatua hadi likafikia kilomita za mraba zipatazo 50,000. Mwaka 1982 liliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Upanuzi huo haukupita juu ya nchi tupu. Katika miaka ya 1930 na hasa katikati ya miaka ya 1940, serikali ya Mwingereza iliwahamisha maelfu ya watu wa magharibi ya Liwale na kuwakusanya mashariki. Sababu iliyotangazwa ilikuwa malale: watu wakikaa pamoja na kufyeka eneo pana, mbung'o hupungua. Sababu hiyo haikuwa ya uongo, kwa maana ugonjwa uliua watu kweli. Lakini haikuwa peke yake. Ilikuwa rahisi zaidi kuwatawala na kuwatoza kodi watu waliokusanyika, na tembo walihitaji nafasi. Bwana wanyama wa Liwale, Constantine Ionides, ambaye wazee wengi walimjua kwa kukamata nyoka, alitetea kwa nguvu upanuzi wa pori.

Hebu tufikiri kidogo. Mgeni mmoja alikufa mahali pale katika mwaka wa vita, na jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa juu ya nchi yote. Majina ya vijiji vilivyoondolewa, ambavyo watu wake walizaliwa na kuzikwa pale kwa vizazi, yakafutika karatasi baada ya karatasi. Hatusemi hayo kwa uchungu dhidi ya hifadhi. Wanyama hao ni viumbe vya Mungu na ni mali ya taifa, na kuwatunza ni wema. Tunasema tu kwamba haki ya tembo ya kuwapo leo haihitaji uongo kwamba binadamu hakuwahi kuwapo jana. Mwembe katikati ya msitu wa miombo mara nyingi ni ushahidi wa mtu aliyekula embe na kutupa kokwa karibu na nyumba yake. Walinzi wa pori wanaijua miembe hiyo.

NCHI ILIYODHANIWA TUPU

Kudhani kwamba weupe wa ramani ni utupu wa nchi kuliwahi kuwagharimu wakubwa pia. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza, wakiongozwa na John Wakefield, waliizunguka Tanganyika kwa majuma machache, kwa gari na kwa ndege, wakitafuta ardhi pana yenye watu wachache ili kulima karanga kwa matrekta. Walichagua Kongwa, Urambo na Kusini, hasa Nachingwea. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni tatu. Hawakukaa na wenyeji vya kutosha kuuliza swali jepesi: kwa nini watu ni wachache hapa? Majibu yalikuwapo, nayo ni maji, udongo, mvua isiyo na uhakika, na historia tuliyoieleza. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulitupwa, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36.

Ramani zilizofuata ziliyahifadhi mabaki yake. Ilionyeshwa reli iliyotoka pwani hadi Nachingwea, ambayo iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954, kisha ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Kijana anayepita juu ya tuta refu lililonyooka katikati ya mashamba, asijue ni la nini, anatembea juu ya reli hiyo. Na mojawapo ya mashamba ya karanga, namba 17, baadaye likawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Shamba moja, historia mbili, na huenda ramani isitaje hata mojawapo.

NUKTA NYEUSI ZA KABLA YA VIJIJI

Sasa tumefika katika ramani ambazo kwa maoni yetu zinagusa maisha ya wengi wanaotusoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Uingereza iliunda idara ya upimaji kwa ajili ya makoloni yake. Ndege zilipiga picha za angani, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za 1:50,000. Kazi iliendelea baada ya Uhuru kwa ushirikiano na Idara ya Upimaji na Ramani ya nchi yetu. Kila karatasi hufunika eneo la kilomita zipatazo 27 kwa 27. Hapo hatutegemei tena mtu aliyepita njiani na daftari. Kamera iliona mbele na nyuma ya kilima.

Jambo la kwanza la kutazama ni maandishi ya pembezoni, ambako huandikwa mwaka wa kupigwa kwa picha. Usiangalie mwaka wa kuchapwa peke yake, kwa kuwa kati ya picha na uchapaji yaweza kupita miaka mingi. Ukipata karatasi iliyotokana na picha za kabla ya mwaka 1973, umepata hazina. Utaona nukta nyeusi zimetawanyika juu ya matuta na kando ya mabonde, tatu hapa, tano pale, na vijia vyembamba vikiziunganisha. Nukta hizo ni nyumba. Ni nyumba za babu zetu, kila ukoo na mashamba yake, miti yake na maji yake.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kusini kazi ilikuwa imeanza mapema kuliko kwingine, kwa sababu vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma na watu wa mpakani walikuwa hatarini. Kusudi lilikuwa jema: shule, zahanati, maji na barabara kwa wote, mambo ambayo hayawezi kupelekwa kwa kila nyumba iliyo peke yake mlimani. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwa sababu ya vijiji hivyo, na si haki kulisahau jambo hilo. Lakini ilikuwa vilevile kweli kwamba mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka na kwa nguvu, na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi.

Ramani inatusaidia kuona gharama ambayo takwimu peke yake haitaji. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, nyingi zikiwa za Kusini. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei mbaya kwa mkulima, ugonjwa wa ubwiri unga, na umbali. Chukua rula, pima katika karatasi kutoka kwenye nukta ya nyumba ya zamani hadi kwenye barabara ambapo kijiji kipya kilijengwa. Sentimita kumi na mbili ni kilomita sita. Mkorosho hauhami na mwenyewe. Mama aliyekuwa akipalilia chini ya mikorosho yake asubuhi kabla ya jua kali, sasa alikuwa na mwendo wa zaidi ya saa moja kwenda, na wa namna hiyo kurudi, nao nguruwe na moto wa msituni havikumngoja.

KAZI TUNAYOPENDEKEZA

Je, tufanye nini na maarifa haya? Tunapendekeza kazi ya kawaida, isiyohitaji fedha nyingi, ambayo jumuiya ndogondogo au vijana wa kigango wanaweza kuifanya kwa miezi michache.

Kwanza, patikane ramani. Karatasi ya 1:50,000 ya eneo lenu yaweza kuulizwa katika ofisi za ardhi na ramani za serikali. Karatasi ya Kijerumani yaweza kuchapwa kutoka mtandaoni. Zote mbili zipewe nakala kubwa inayoweza kuandikwa kwa penseli.

Pili, wazee wahojiwe ramani ikiwa mezani. Wengi wao hawakuzoea kusoma ramani. Basi mwanzo uwe ni mito na vilima, ambavyo havikuhama. Ukishakubaliana na mzee kwamba huu ndio mto fulani na hiki ndicho kilima fulani, majina mengine yatakuja yenyewe. Katika Liwale na Nachingwea wengi wa wazee hao ni ndugu zetu Waislamu. Waendewe kwa heshima ileile, kwa maana historia hii tumeipata pamoja, na makaburi ya mahame hayakugawanywa kwa vyama vyetu vya leo. Waulizwe na akina bibi. Ndio wanaojua kisima kilikuwa wapi.

Tatu, vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za zamani vina safu ya mahali. Majina ya vijiji yaliyoandikwa humo, pasipo kutaja mambo ya siri ya mtu yeyote, yaweza kulinganishwa na ramani. Mara nyingi jina ambalo limetoweka katika karatasi lingali hai katika kitabu.

Nne, mahali palipotajwa pakatembelewe. Watafutwe miembe, mibuyu, vipande vya vyungu, mawe ya kusagia na makaburi. Anayetumia simu yenye kuonyesha mahali ajue kwamba vipimo vya karatasi hizi za kale vina msingi tofauti na ule wa simu, na tofauti yake yaweza kufika mita mia kadhaa. Karatasi za Kijerumani zaweza kukosea kwa kilomita nzima au zaidi. Asivunjike moyo asipoona kitu katika nukta ileile, azunguke.

Mfano wa kazi kama hii tunao. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa Kusini kuwahoji wazee walioiona Maji Maji. Waliokuwa watoto wa miaka kumi mwaka 1905 walikuwa na miaka zaidi ya sabini. Kama wangengoja miaka ishirini tu, sehemu kubwa ya tunayoyajua isingepatikana. Na leo mtu aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa kuhamia vijijini amekwisha kupita sabini. Hesabu ni ileile, na wanaongoja sasa ni sisi.

RAMANI SI HATI

Tunalazimika kuongeza tahadhari moja, kwa kuwa twajua ugomvi wa ardhi unavyovunja undugu katika vijiji vyetu. Nukta ya nyumba ya babu katika ramani si hati ya kumiliki ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanywa vijijini kati ya mwaka 1970 na 1977. Mtu aliyepewa shamba wakati ule, akalima na kulea watoto juu yake, hakulipora. Kumwendea na ramani mkononi ili kumfukuza ni kumfanyia yeye lile lililofanywa kwa babu zetu.

Lakini kama ramani haitoi haki ya kumnyang'anya jirani, inatoa haki nyingine. Inatupa haki ya kusema kweli juu ya tulikotoka, kuyajua makaburi na kuyasafisha, na kuomba kwa upole wale wenye mamlaka juu ya ardhi au hifadhi waturuhusu kuyatembelea. Inatupa pia busara kwa siku zijazo. Kila atakapokuja mwekezaji au mpango mpya na kusema, "Tumeona eneo hili halitumiki," tuwe na la kujibu. Utupu wa nchi una chanzo chake, na aliyeuona kutoka ndegeni au katika karatasi hajauliza bado.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi, wapendwa, kabla ya juma hili kwisha kila mmoja amwendee mzee mmoja wa nyumbani mwake na kumwuliza swali moja tu: "Kabla ya kuja hapa, mlikaa wapi, na paliitwaje?" Jina hilo aliandike. Tukishakuwa na majina, ramani tutaitafuta pamoja.

Tuwaombee marehemu wetu waliolala katika mahame, wale ambao hakuna tena ajuaye makaburi yao. Raha ya milele uwape, ee Bwana.